Karatasi Niliyokataa Kuitia Sahihi



Ndugu wasomaji, hasa kina mama na kina dada, jamaa zangu wa Mombasa wameniomba mara kadhaa niandike habari ya kesi yangu, nami kila mara nimeahirisha. Niliona kwamba habari ya kesi isiyokwisha si habari bali ni uvumi. Sasa imekwisha, malipo yamepokelewa, na swali ninaloulizwa limebaki lile lile: hukuona vibaya kumdai Mwislamu mwenzio fidia kwa jambo lililokadiriwa na Mwenyezi Mungu?

Anayeuliza hivi aghalabu ni mtu mwema, anayeikumbuka kadari kwa imani ya kweli. Ndiyo maana anastahili jibu refu kuliko lile ninalompa njiani.

Mimi ni mzaliwa wa Kibokoni, niliyeletwa Njoro na ndoa. Kwa asiyepajua, Njoro iko kilomita zipatazo ishirini kutoka mji wa Nakuru, chini ya milima ya Mau. Nchi ya ngano, viazi na maziwa, yenye baridi ambayo mtu wa pwani huizoea kwa shuka mbili na subira. Chuo Kikuu cha Egerton kiko huku, na wanafunzi wake ndio waliokuwa wateja wangu. Kila alfajiri baada ya swala nilikaanga mahamri, nikapika na mbaazi za nazi ambayo nazi yake ilinijia kwa basi. Waislamu wa hapa si wengi. Tunajuana kwa majina na kwa nasaba, jambo lenye baraka zake na lenye uzito wake pia.

Ajali yenyewe nitaipita upesi. Ilikuwa mwezi wa Shaaban mwaka 1442, yaani Machi 2021. Nilikuwa nimepanda bodaboda, nikirudi sokoni na unga. Pikapu iliyojaa viazi ikitokea upande wa Mau Narok ililipita gari jingine mahali pasipopitika, ikatukuta upande wetu. Kijana wa bodaboda aliangukia mtaroni akasalimika. Mimi mfupa wa muundi wa mguu wa kulia ulivunjika mahali pawili, nikapasuliwa hospitalini Nakuru na kutiwa bamba la chuma na skrubu saba.

Tarehe 26 Machi, nikiwa bado wodini, Serikali ilizifunga kaunti tano kwa sababu ya korona: Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru. Ndani ya eneo hilo asitoke mtu wala asiingie. Mama yangu mzazi alikuwa amekwishafunga mzigo wake Mombasa aje kuniuguza, akabaki nao sebuleni hadi amri ilipoondolewa tarehe 1 Mei. Ramadhani ilituingilia katikati ya hayo. Binti yangu wa miaka kumi na mmoja ndiye aliyenishika mkono kwenda chooni. Mume wangu akajifunza kupika uji wa pilipili manga. Na jirani yangu, mama wa Kikalenjin ambaye hata maana ya futari nilimfundisha mimi, alitufulia nguo wiki sita bila kuombwa. Mwenyezi Mungu amlipe.

Basi katika siku hizo, usiku mmoja baada ya futari, walikuja wazee watatu. Mwenye pikapu ni mfanyabiashara Mwislamu, mtu anayeheshimika, nami simtaji. Hakuja yeye, alimtuma ndugu yake pamoja na wazee wawili wa jamaa. Walileta tende, sukari, bahasha yenye shilingi 30,000, na karatasi iliyopigwa chapa. Karatasi ilisema kwamba nimepokea kiasi hicho kwa ridhaa yangu na kwamba sina madai mengine yoyote, sasa wala baadaye, dhidi ya mwenye gari, dereva wake wala kampuni yake ya bima.

"Mwanangu," akaniambia mkubwa wao, "samehe. Kadari haina mshindani."

Nilimjibu kwa adabu, maana umri wake ni wa baba yangu: "Shikamoo yako naijua, mzee wangu, na kadari nimeipokea. Lakini fedha hizi, kama ni sadaka, kwa nini zinataka sahihi yangu? Na kama ni malipo ya mguu, nani aliyeupima?"

Hawakuwa na jibu. Wakamgeukia mume wangu, kama ilivyo desturi mwanamke akisema jambo lisilotarajiwa. Naye akawaambia neno ambalo sitalisahau: "Mguu ni wake, wazee wangu, na msamaha ni wake pia." Tende tulizipokea. Bahasha na karatasi vilirudi navyo.

Sasa nilijibu lile swali. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 92, Mwenyezi Mungu anataja muumini kumwua muumini kwa kukosea, bila kusudi wala uadui. Tukio kama hilo ni kadari bila ya shaka. Hata hivyo aya imewajibisha dia ifikishwe kwa watu wa marehemu, ila wao wenyewe wakiiacha kuwa sadaka. Tazameni mpangilio huo. Haki imetangulia, kisha ndipo likaja kuachilia, na kuachilia kukaitwa sadaka. Mtu hutoa sadaka katika kile anachokimiliki na anachokijua. Mwanamke aliyelala na mguu uliotundikwa, asiyejua kama atatembea, anapotiwa kalamu mkononi na watu watatu, hajatoa sadaka yoyote.

Wanavyuoni wetu hawakuishia kwenye kifo. Walipanga hata malipo ya viungo: kidole ngamia kumi, jino ngamia watano. Na majeraha yasiyo na kiwango maalumu, kama mivunjiko mingi ya mifupa, waliyaachia hakimu na wajuzi wayakadirie, wakayaita malipo hayo hukuma. Niliposikia baadaye mahakamani wakili akisoma hukumu za miaka iliyopita, huyu alivunjika hapa akapewa kiasi hiki, yule pale akapewa kile, ili hakimu apate kulinganisha, sikuona ugeni mkubwa.

Liko na jambo jingine ambalo wengi wetu hatulikumbuki. Katika dia ya kukosea, mzigo haukuachwa juu ya mkosaji peke yake. Jamaa zake wa upande wa baba, wanaoitwa aqila, walimchangia, kwa kuwa sheria haikutaka kumwokoa mmoja kwa kumwangamiza mwingine. Nalisema hili kwa sababu wiki mbili baada ya wazee, alikuja mke wa dereva, msichana mdogo na mtoto mgongoni, akalia kitandani kwangu kwamba tutamfunga mumewe na kuwauzia hata godoro. Huyo ndiye aliyenitikisa, si wazee. Nilimweleza nilichokuwa nimekwishaelezwa na wakili: dereva akiwa kazini, mwenye gari hubeba dhamana ya kosa lake, na sheria ya Kenya, Sura ya 405, haimruhusu mtu kuweka gari barabarani bila bima ya kuwalinda watu wengine. Bima hiyo ndiyo hulipa hukumu ya mahakama, hadi shilingi milioni tatu kwa mtu mmoja. Sikuwa nikilitaka godoro lake. Mumewe nilimsamehe siku ile ile, kwa ulimi na kwa moyo. Kesi ya trafiki ilikuwa ya Serikali. Alitozwa faini akarudi kwake.

Mbona hukwenda kwa Kadhi? Nimeulizwa hili hata na watu wenye elimu. Kifungu cha 170 cha Katiba yetu kimeipa mahakama ya Kadhi mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pale wahusika wote wanapokuwa Waislamu na kukubali. Ajali ya barabarani haimo. Njia yake ni mahakama ya hakimu, na hata waliogongana wangekuwa maimamu wawili hali ingekuwa ile ile.

Kadhi huingia pale mtu anapofariki. Fidia ya wategemezi, yaani mke, mume, watoto na wazazi, huamuliwa na mahakama ya kawaida. Ile sehemu inayohesabiwa kuwa mali ya marehemu ndiyo hufuata mirathi. Nayasema haya kwa sababu nimewasikia wanaume wakisema kwamba fedha za ajali ya mume ni za kwao marehemu, na mjane hana lake. Sayyidna Umar bin Khattab, radhi za Allah zimfikie, naye aliwahi kuona kwamba dia ni ya aqila na mke hairithi. Ndipo Dhahak bin Sufyan akamwarifu kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwandikia barua ampe mke wa Ashyam ad-Dhibabi urithi katika dia ya mumewe. Umar akaiacha rai yake. Mwanamke yule alipata haki yake kwa kuwa palikuwa na barua, na mtu aliyeikumbuka.

Nami nikirudi kwa mguu wangu, karatasi ndizo zilizoubeba. Siku ya ajali mume wangu alihakikisha tukio limeandikwa katika kitabu cha polisi, akachukua nambari yake. Baadaye tukapata fomu ya P3, ambayo polisi huitoa bure na daktari huijaza, kisha abstrakti ya polisi inayoonyesha gari, mwenyewe na bima yake. Kadi ya hospitali, picha za eksirei, maelezo ya upasuaji, yote niliyatia katika kopo la biskuti pamoja na risiti. Risiti, dada zangu! Mahakama hutoa fidia za namna mbili. Ya maumivu hakimu huikadiria. Ya gharama hulipwa kwa ithibati, shilingi kwa shilingi, na usichokionyesha kwa karatasi huwa hakikuwako. Dereva wa teksi aliyenipeleka kliniki hakuwa na risiti, kama ilivyo kwa teksi zote za Njoro. Basi mume wangu alinunua kitabu cha risiti dukani, akamkabidhi, na kila safari akamwomba aandike na kutia sahihi. Yule kijana alituona watu wa ajabu. Risiti zake zote zilikubaliwa.

Nikiwa wodini alinijia pia mtu mwenye faili kwapani, sijui aliyemwambia habari zangu, akataka kidole changu cha gumba kwenye fomu: wakili wao angefanya kila kitu, nami nisingelipa hata senti ila tukishinda. Watu hawa wamejaa mahospitalini. Sheria ya mawakili haiyatambui makubaliano ya kulipana kwa sharti la kushinda, na wakili mwenye heshima hatumi madalali vitandani. Nilimwambia sina wudhu wa kutia sahihi, akaondoka akitafakari maana yake. Wakili wangu, mwanamke wa Nakuru, nilimpata kwa shemeji yangu, na kabla ya kumpa kitu tulihakikisha kwamba ana leseni ya mwaka ule.

Alinionya mapema juu ya muda. Aliyeumizwa ana miaka mitatu tangu siku ya ajali kufungua madai. Gari likiwa la Serikali ni miezi kumi na miwili tu, na wengi wamepotelea hapo. Mtoto mdogo hulindwa, kwani muda wake hauanzi kuhesabiwa mpaka atimize umri wa utu uzima, ingawa mzazi anaweza kudai kwa niaba yake kabla ya hapo, na ni bora, maana mashahidi huhama na kufa. Aliyeumia kazini, mathalan hawa mabinti zetu wa mashamba ya maua, njia yake ni nyingine, ile ya sheria ya majeraha ya kazini ya mwaka 2007.

Tulifungua kesi Februari 2022. Baadhi ya vikao vilikuwa kwa video, nikikaa jikoni na simu imeegemezwa kwenye kopo la chumvi, mtandio umefungwa kama ninakwenda harusini. Lakini siku ya kutoa ushahidi nilikwenda mwenyewe na gongo langu.

Wakili wa upande wa pili hakuwa mtu mbaya. Aliuliza alichotumwa kuuliza. "Unasema ulipoteza kipato. Una hati ya mshahara?" Nikajibu kwamba mahamri hayana hati ya mshahara. "Basi mahakama itajuaje kwamba ulikuwa ukifanya kazi?" Ndipo wakili wangu alipotoa daftari la duka nilikokuwa nikikopa unga na mafuta, limeandikwa kila siku kwa miaka minne, na mstari wa mwisho ni wa siku ya ajali. Mwenye duka, Mkikuyu mmoja mpole, alikuja kulithibitisha. Mahakama ikakubali kwamba kazi ilikuwako, ikaikadiria kwa kima cha chini cha mshahara kilichowekwa na Serikali, jambo linalofanywa mara nyingi kwa watu wasio na ithibati ya kipato kamili. Nilikuwa nikipata zaidi ya hapo. Hata hivyo ilinitosha kuona kazi ya alfajiri zangu imeingia katika maandishi ya mahakama.

Na kazi ya nyumbani je, ya kupika, kufua, kuwaogesha watoto, iliyofanywa na jirani na binti wakati mimi nimelala? Mwaka ule ule wa 2021, Jaji Teresia Matheka wa Mahakama Kuu ya Nakuru aliamua, katika kesi ya mali ya wanandoa, kwamba kulea watoto na kutunza nyumba ni kazi kamili ambayo wengine hulipia fedha, wala si haki kusema mwanamke wa nyumbani hachangii. Kesi ile haikuhusu ajali, wala wangu wakili hakuisimamishia madai yake. Mimi niliisoma nikiwa na gongo, nikaikunja nikaitia katika kopo la biskuti.

Sitaficha kwamba nililipa gharama isiyo na risiti. Katika darasa letu la wanawake, miezi mingi, nafasi ya kando yangu ilibaki tupu. Walisema nimemwaibisha mtu wa dini mbele ya makafiri kwa tamaa ya fedha. Mamavyaa wangu, aliyeishi Njoro kuliko wote, ndiye aliyeanza kuja kukaa pale kando yangu, na wale wengine hawakuweza kumkwepa yeye.

Hukumu ilisomwa Oktoba 2023. Wenye pikapu walikuwa wamemwingiza kijana wa bodaboda kesini, wakisema taa yake haikuwaka. Hakimu aliwatwika wao asilimia 90 ya lawama na kijana asilimia 10. Maumivu shilingi 600,000, gharama zenye risiti 214,300, kipato 120,000, na 150,000 za kulitoa bamba mguuni wakati wake ukifika, ambazo hupatikana tu zikiombwa tangu mwanzo. Jumla 1,084,300. Sehemu ya pikapu, shilingi 975,870, kampuni ya bima iliilipa kwa wakili mnamo Januari 2024, nami nikapata changu baada ya ada yake, kwa hesabu iliyoandikwa.

Ikabaki asilimia kumi ya kijana wa bodaboda. Bima yake ilikuwa imekwisha muda, na pikipiki yenyewe haikuwa yake. Alikuja nyumbani na kofia yake mkononi, akasimama mlangoni. Nilikwishaipiga hesabu: shilingi 108,430. Nikamwambia kiasi hicho kwa ukamilifu wake, ili ajue nami nijue, kisha nikamwambia nimekiachilia kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Wakili wangu akaandika karatasi. Hiyo niliitia sahihi.

Yule mzee aliyeniita mwanangu alinikuta sokoni baadaye, akanisalimu vizuri, akaniuliza, akitazama pembeni, kama namjua wakili mzuri. Mjukuu wake aligongwa na matatu karibu na Elburgon. Nilimpa nambari ya simu na nikamwuliza kama kitabu cha polisi kimeandikwa. Alikuwa hajui. Nikamwambia aende siku ile ile, asingoje Jumatatu.

Bamba lingali mguuni, na baridi ya Julai hunijulisha lilipo. Daktari amesema litolewe baada ya Idi, na zile shilingi 150,000 ziko benki hazijaguswa. Mama yangu amekwishafunga mzigo tena, na mara hii njia iko wazi.